Mnyama wa faraja: Rafiki wa dhiki au kisingizio cha wajanja?

WENGI wetu tuliolelewa nchini humu tunamjua mbwa kama askari. Kazi yake ni kubweka usiku, kumfukuza mwizi na kulala nje penye baridi. Paka naye kazi yake ni panya. Mwambie nyanya yako kijijini kwamba kuna mbwa anayeandikwa na daktari kama vile vidonge vinavyoandikwa, naye atakutazama mara mbili kisha akuulize kama u mzima.

Lakini jambo hilo lipo, na tena lina sheria zake. Huko Marekani mpangaji anaweza kumpelekea mwenye nyumba barua ya daktari, na yule mwenye nyumba ambaye alikuwa amepiga marufuku wanyama wote katika jengo lake akalazimika kumfungulia mlango paka wa mpangaji huyo. Mnyama wa namna hiyo tutamwita mnyama wa faraja, kwa sababu kazi yake ni moja tu: kuwa karibu na mtu ambaye moyo au akili yake imelemewa.

Je, haya yanakuhusu nini wewe unayeishi Umoja, Buruburu au Nyali? Yanakuhusu kwa njia mbili. Kwanza, huenda una mtoto, mpwa au ndugu anayesoma au kufanya kazi Marekani, mbali na jamaa zake, katika baridi ambayo hakuizoea. Siku moja atakupigia simu na kusema, "Mama, hapa chumbani niko peke yangu. Rafiki yangu ameniambia nikilipa pesa kidogo nitapata cheti, nikae na mbwa bila kulipa chochote." Utamjibu nini?

Pili, hata hapa kwetu mambo yanabadilika. Vijana wengi wa mijini siku hizi wanafuga paka na mbwa ndani ya nyumba za ghorofa, si kwa ajili ya mwizi wala panya, bali kwa ajili ya kuwa na mwenzi. Maswali yaliyowasumbua Wamarekani yameanza kubisha hodi kwetu. Ni heri tuyajue mapema.

AINA TATU ZA WANYAMA

Kabla hatujafika mbali, yafaa tutenganishe wanyama wa aina tatu, maana watu wengi huwachanganya na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Wa kwanza ni mnyama wa huduma. Huyu ni mbwa aliyefunzwa kazi maalumu ya kumsaidia mtu mwenye ulemavu. Humwongoza kipofu kuvuka barabara, humgusa kiziwi kumjulisha kwamba mlango unabishwa, humwokotea vitu mtu wa kiti cha magurudumu. Kuna pia mbwa wanaofunzwa kuwasaidia wanajeshi waliorudi kutoka vitani na majeraha ya akili; mbwa hutambua kwamba bwana wake ameanza kushikwa na hofu, akamsukuma au kumwamsha kutoka kwenye jinamizi.

Wa pili ni mnyama wa tiba. Huyu hupelekwa na mwenyewe hospitalini, katika makao ya wazee au shuleni ili wagonjwa na watoto wamshike na kuchangamka, kisha hurudi nyumbani. Huingia kwa ruhusa ya mahali hapo tu.

Wa tatu ndiye mnyama wa faraja tunayemzungumzia leo. Huyu hakufunzwa kazi yoyote maalumu. Anaweza kuwa mbwa, paka, sungura au hata ndege. Msaada wake ni kule kuwapo kwake tu: kumfanya mtu aamke kitandani kwa sababu kuna kiumbe kinachongoja kulishwa, kumpa kitu cha kukumbatia usiku unapokuwa mrefu.

Wazo lenyewe si geni. Katika mji wa York nchini Uingereza, makao ya wagonjwa wa akili yaliyoanzishwa na William Tuke yalifunguliwa mwaka wa 1796. Wakati ambapo kwingineko wagonjwa kama hao walifungwa minyororo, pale York waliwekewa sungura na kuku uani ili wawatunze. Miaka mingi baadaye daktari mmoja wa saikolojia ya watoto huko New York, Boris Levinson, aligundua kwamba mtoto aliyekuwa mgumu kuzungumza na watu alianza kufunguka mbele ya mbwa wa daktari huyo, aliyeitwa Jingles. Levinson aliandika juu ya jambo hilo mwaka wa 1962, na wenzake kadhaa wakamcheka. Leo hachekwi tena.

HOTELINI NA DUKANI

Sasa tuingie katika sheria. Msomaji, kumbuka jambo moja kubwa: Marekani haina sheria moja juu ya mnyama wa faraja. Kuna sheria ya mahali pa umma, sheria ya makazi na sheria ya ndege, na kila moja ina kipimo chake. Anayezichanganya hizi tatu ndiye anayejikuta akifukuzwa mlangoni na mbwa wake mkononi.

Sheria ya mahali pa umma ni ile ya haki za Wamarekani wenye ulemavu, iliyotiwa sahihi na Rais George H. W. Bush mwezi wa Julai 1990. Kwa mujibu wa kanuni zake zilizoanza kutumika Machi 2011, mnyama wa huduma ni mbwa aliyefunzwa kazi fulani kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu. Mnyama mwingine pekee aliyefikiriwa ni farasi mdogo, ambaye naye ana masharti yake.

Mwenye mkahawa au duka haruhusiwi kumwomba mteja vyeti vya mbwa wa huduma. Anaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu, endapo jambo lenyewe haliko wazi: Je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na je, amefunzwa kufanya kazi gani? Hata hivyo mbwa asiyedhibitiwa, au anayechafua sakafu, anaweza kutolewa nje hata kama amefunzwa.

Mnyama wa faraja hamo katika sheria hii. Kanuni zimesema waziwazi kwamba kumliwaza mtu kwa kuwapo tu si kazi iliyofunzwa. Tofauti hapa ni nyembamba lakini ina uzito. Mbwa aliyefunzwa kutambua kwamba hofu inakaribia na kufanya kitendo fulani cha kuizuia ni mbwa wa huduma. Mbwa anayemtuliza mtu kwa kukaa tu mapajani pake si wa huduma, hata kama mtu huyo anamhitaji kwa dhati.

KATIKA NYUMBA YA KUPANGA

Ni katika makazi ndipo mnyama wa faraja ana nguvu. Sheria ya haki katika makazi ilipitishwa Marekani mwaka wa 1968 kupinga ubaguzi, na mwaka wa 1988 ikaongezwa ulinzi wa watu wenye ulemavu, ukiwemo ulemavu wa akili. Inamtaka mwenye nyumba alegeze kanuni zake kwa kiasi cha haki pale mpangaji mwenye ulemavu anapohitaji hivyo ili aweze kuishi na kufurahia nyumba kama watu wengine.

Basi kanuni ya "hapana wanyama hapa" ni mojawapo ya kanuni zinazoweza kulegezwa. Mpangaji anaomba, na kama ulemavu wake hauonekani kwa macho, mwenye nyumba anaweza kutaka uthibitisho kutoka kwa daktari au mshauri anayemfahamu mgonjwa huyo. Hana haki ya kudai aelezwe habari zote za ugonjwa wake.

Lakini si mlango ulio wazi kabisa. Mwenye nyumba anaweza kukataa ikiwa mnyama yule mwenyewe, kwa matendo yake na si kwa sura au sifa ya kabila lake, ni hatari kwa watu wengine au ataharibu mali vibaya. Isitoshe, baadhi ya nyumba hazimo katika sheria hii, kwa mfano jengo lenye makao yasiyozidi manne ambamo mwenye nyumba mwenyewe anaishi. Majimbo nayo yana sheria zake zinazoweza kupita hiyo.

Wanafunzi, sikilizeni kisa hiki. Katika Chuo Kikuu cha Nebraska kilichoko Kearney, mwanafunzi aliyekuwa akitibiwa sonona na wasiwasi aliomba kukaa na mbwa wake mdogo katika nyumba za chuo. Chuo kilikataa. Serikali ya Marekani ikakishtaki. Chuo kilijitetea kwamba nyumba za wanafunzi ni mahali pa kupita tu, si makazi yanayolindwa na sheria ile. Mwaka wa 2013 mahakama iliamua kwamba ni makazi kama makazi mengine. Mwaka wa 2015 pande hizo zilipatana, na chuo kikakubali kulipa dola 140,000 kwa wanafunzi wawili na kubadilisha kanuni zake.

Tangu hapo vyuo vingi vimekuwa na utaratibu wa maombi kama hayo. Kumbuka lakini kwamba ruhusa ya kukaa na paka bwenini si ruhusa ya kumpeleka darasani, maktabani au katika chumba cha kulia.

TAUSI KATIKA UWANJA WA NDEGE

Kisa cha ndege ndicho kinachoonyesha jinsi huruma inavyoweza kuvurugwa na ujanja. Sheria ya mwaka 1986 ilikataza mashirika ya ndege kuwabagua abiria wenye ulemavu. Kwa miaka mingi kanuni zilizotokana nayo ziliruhusu mnyama wa faraja asafiri pamoja na mwenyewe bila nauli, mradi awe na barua ya mtaalamu wa afya ya akili.

Mchezea mbwa, wahenga walisema, huingia naye msikitini. Watu walipogundua kwamba barua inaokoa nauli, barua zilizidi. Nguruwe walipanda ndege, na bata pia. Mwezi wa Januari 2018 abiria mmoja alifika katika uwanja wa Newark, jimbo la New Jersey, akiwa na tausi mzima na manyoya yake, akitaka apande naye kama mnyama wa faraja. Alikataliwa, na picha ya tausi yule ikazunguka dunia nzima.

Watu walicheka, lakini lilikuwapo jambo lisilochekesha. Mwezi wa Juni 2017 mjini Atlanta, abiria aliyeketi karibu na dirisha aliumwa vibaya usoni na mbwa wa faraja aliyekuwa amepakatwa na jirani yake, hata kabla ndege haijaruka. Shirika la Delta lilisema mwaka wa 2018 kwamba visa vya wanyama kuchafua, kuuma na kusumbua ndani ya ndege zake vilikuwa vimeongezeka kwa asilimia 84 tangu 2016.

Mwishowe serikali ilikaza kamba. Kanuni mpya zilitolewa Desemba 2020 na kuanza kutumika tarehe 11 Januari 2021. Kwa kanuni hizo, mnyama wa huduma katika ndege ni mbwa aliyefunzwa tu, akiwemo yule anayemhudumia mgonjwa wa akili. Mashirika hayalazimiki tena kumchukua mnyama wa faraja bure. Yanaweza kumhesabu kama mnyama wa kawaida na kudai nauli.

Tazama basi nani aliyeumia. Mwenye tausi alirudi nyumbani na tausi wake. Lakini yule mama mwenye wasiwasi mkali, ambaye kwa miaka alisafiri kwa utulivu na paka wake ndani ya kikapu, naye alipoteza haki yake. Samaki mmoja akioza, huwaozesha wote.

VYETI VYA KUNUNUA

Turudi kwa yule kijana aliyeambiwa kuna cheti cha kununua. Kwenye intaneti kuna wafanyabiashara wanaouza vitambulisho vyenye picha ya mbwa, vikoti vyenye maandishi makubwa, na "usajili wa taifa". Ukweli ni kwamba serikali ya Marekani haina daftari lolote la kusajili wanyama wa huduma wala wa faraja. Cheti cha namna hiyo ni karatasi tu.

Mwezi wa Novemba 2019 aliyekuwa Waziri wa Nyumba wa Marekani, Ben Carson, aliiandikia tume inayolinda wanunuzi dhidi ya biashara za udanganyifu, akiitaka ichunguze wauzaji wa vyeti hivyo. Mwaka wa 2020 wizara yake ilieleza kwamba karatasi inayouzwa kwa yeyote anayejibu maswali machache na kulipa ada, kwa kawaida haitoshi kuonyesha kwamba mtu ana ulemavu. Maelezo ya wizara huweza kubadilishwa serikali zinapobadilika, kwa hiyo anayetaka kuomba na aulize kwanza katika ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu ya chuo chake.

Majimbo nayo hayakulala. Florida ilipitisha sheria mwaka wa 2020 inayofanya kuwa kosa la jinai mtu kutoa barua au habari za uongo kuhusu mnyama wa faraja. California, kuanzia Januari 2022, inamtaka mtaalamu awe amemhudumia mtu kwa siku zisizopungua 30 kabla ya kumwandikia barua ya mbwa wa faraja. Aidha, anayeuza mbwa wa aina hiyo lazima amwambie mnunuzi kwa maandishi kwamba huyo si mbwa wa huduma.

Kwa mwanafunzi wa kigeni, jambo hili si la mzaha. Anayeishi katika nchi ya watu kwa viza hana haja ya kuwa na kesi ya udanganyifu juu ya kichwa chake kwa ajili ya kukwepa ada ya mnyama. Njia ya mwongo ni fupi.

SHERIA NI MOJA, UUNGWANA NI MWINGINE

Tuseme sasa barua ni ya kweli, daktari ni wa kweli na shida ni ya kweli. Je, maswali yamekwisha? La. Sheria inakuambia unachoweza kudai. Haikuambii unachopaswa kufanya.

Swali la kwanza ni la jirani. Kuna mtu ambaye akikaa karibu na paka hupiga chafya mpaka pumzi inabana. Kuna mtoto aliyewahi kuumwa na mbwa na sasa akimwona hutetemeka. Kuna jirani Mwislamu ambaye, kama Mashafii wengi wa pwani yetu, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na nguo yake ikiguswa na mate hayo itambidi aioshe kwa utaratibu maalumu kabla ya kuswali. Hawa nao wana haki ya kupanda ngazi kwa amani. Faraja yako isiwe karaha ya mwenzako: mfunge mnyama kamba anapotoka, zoa uchafu wake, na uwaarifu majirani mapema badala ya kuwashtukiza.

Swali la pili ni la daktari. Anayekutibu yuko upande wako, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Lakini anapoandika barua kwa mwenye nyumba anageuka kuwa kama shahidi anayethibitisha jambo kwa mtu mwingine. Wanasaikolojia wa Marekani wamejadiliana sana juu ya mgongano huo. Wengine wanasema barua iandikwe na mtaalamu mwingine asiyekuwa na uhusiano na mgonjwa. Kwa hiyo daktari wako akisita kuandika, usimwone adui. Huenda analinda ukweli, na huenda anakulinda wewe.

Tena ni vyema ijulikane kwamba uthibitisho wa kisayansi juu ya mnyama wa faraja ungali mchache. Wapo wengi wanaosema wamesaidiwa, na hakuna sababu ya kuwaita waongo. Lakini mnyama si badala ya dawa wala ya mazungumzo na mtaalamu.

Swali la tatu, ambalo husahaulika mno, ni la mnyama mwenyewe. Yeye hakuombwa ruhusa. Mbwa ni kiumbe cha kundi. Kumfungia katika chumba kimoja tangu asubuhi mpaka jioni huku mwenyewe yuko kazini ni kumhamishia upweke uliokuwa wako. Mnyama anayebebwa sokoni, katika basi na penye muziki wa kelele naye hushikwa na hofu, na mbwa mwenye hofu huuma.

Fanya hesabu pia ya miaka. Shahada ni miaka minne. Mbwa anaweza kuishi miaka 10 hadi 15, na paka zaidi ya hapo. Ukimaliza masomo na kurudi nyumbani, nani atamchukua? Mnyama aliyekufariji wakati wa shida kisha ukamwacha barabarani siku ya mahafali, amekufaa kwa dhiki nawe hukumfaa.

NA SISI HAPA KENYA?

Barua ya faraja iliyoandikwa chini ya sheria ya Marekani haimfungi mwenye nyumba wa Nairobi. Hapa kwetu jambo la kwanza la kutazama ni mkataba uliotia sahihi ulipochukua nyumba. Kama unakataza wanyama, ukamwingiza paka kisirisiri ndani ya mkoba, umevunja mkataba, na keateka akimsikia akilia usiku utajilaumu mwenyewe.

Lakini hiyo haina maana kwamba mwenye shida ya akili hana ulinzi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya afya au ulemavu. Kifungu cha 54 kinamhakikishia mwenye ulemavu heshima na vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vyake. Na Katiba hiyo hiyo, inapoeleza maana ya ulemavu, inataja pia ulemavu wa akili na wa kisaikolojia. Mwaka wa 2025 nchi ilipata sheria mpya ya watu wenye ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Jinsi maneno haya yatakavyohusishwa na paka wa mpangaji ni jambo la mawakili na mahakama. Kwa sasa njia iliyo bora ni ya mazungumzo: mwendee mwenye nyumba kabla ya kuhamia, mweleze haja yako, jitolee kulipa kitakachoharibika, na mkubaliane kwa maandishi.

Ziko sheria nyingine ambazo hazina utata. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360, inafanya kumtesa mnyama, kumpiga kikatili au kumnyima chakula kuwa kosa. Kupenda hakukuondolei wajibu huo.

Sheria ya kichaa cha mbwa nayo, sura ya 365, ipo kwa sababu nzito. Ugonjwa huo ukishaanza kujionyesha kwa binadamu, karibu kila mara huua. Mwaka wa 2014 Kenya ilianza mpango wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka wa 2030, na silaha kubwa ni chanjo. Anayemlaza mbwa kitandani pamoja na watoto bila kumpeleka kwa daktari wa mifugo anacheza na moto.

Wala usidanganywe ununue tumbili au kasuku wa kijivu kwa ajili ya kujiliwaza. Wanyamapori wanalindwa na sheria ya mwaka 2013, na kuwaweka bila kibali ni kosa. Kasuku huyo wa kijivu tangu mwaka wa 2017 yumo katika orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa imezuiwa kabisa kwa wale waliokamatwa porini.

Na ikiwa mwanao anafikiria kumchukua mbwa wa nyumbani hapa ampeleke Marekani, ajue kwamba tangu Agosti 2024 nchi hiyo inataka kila mbwa anayeingia awe na umri wa miezi sita au zaidi na awe ametiwa kijidude cha utambulisho chini ya ngozi. Kwa kuwa Kenya imo katika orodha yao ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, masharti ya chanjo na vipimo ni magumu zaidi. Maneno "mbwa wa faraja" hayaondoi hata sharti moja.

JIULIZE KWANZA

Kabla ya kumtafuta mnyama wa faraja, awe ni wako au wa mwanao, keti ujibu maswali haya kwa ukweli:

Je, nimezungumza na daktari au mshauri juu ya kinachonisumbua, au ninamtafuta mnyama ili nisizungumze na mtu?

Je, mwenye nyumba na majirani wanajua, nao wamekubali?

Je, ninaweza kugharimia chakula, chanjo na dawa ya minyoo kila mwezi, hata mwezi ule ambao mfuko ni mtupu?

Je, siku nikilemewa nisiweze kuamka, nani atamlisha?

Je, nikihama au nikimaliza masomo, atakwenda wapi?

Ukiweza kuyajibu yote, huenda ukawa umepata mwenzi mwema, na mwenzi huyo naye akawa amepata kwake. Ukishindwa na mawili au matatu, si aibu kungoja. Waweza kuanza kwa kwenda kuwasaidia wanaotunza wanyama waliotupwa, kama wale wa chama cha KSPCA jijini Nairobi, ukashinda na mbwa mchana bila kumfunga katika chumba chako usiku.

Na kama mzigo wa moyo umekuwa mzito leo hii, usimngoje paka wala mbwa. Mwambie mtu unayemwamini, kisha nendeni pamoja katika kliniki ya afya ya akili ya hospitali iliyo karibu nanyi. Kwa yule kijana aliye mbali, jibu ni lilo hilo: aache cheti cha kununua, aende kwa mshauri wa chuo chake wiki hii. Akishamwona huyo, habari ya mbwa itazungumzwa mahali pake.